Shajara ya mradi: kuurudisha ukoka kwenye uwanja wa shule, Kigamboni

Februari, ukaguzi wa kwanza

Uwanja ni wa mbele wa shule ya msingi, takriban mita 20 kwa 20, kuanzia langoni hadi kwenye baraza ya madarasa ya awali. Kamati ya wazazi imeniita kwa sababu ya vumbi. Kiangazi linatimka na kuingia madarasani, watoto wanakohoa; masika panakuwa tope na viatu vinavuliwa mlangoni. Kikaoni mzazi mmoja alipendekeza pamwagwe zege, yaishe. Nimeomba tupewe mwaka mzima, masika na vuli, kabla ya kufikia huko. Mtoto wa miaka sita akianguka kwenye zege anaumia, na zege la pwani saa saba mchana halikanyagiki kwa mguu mtupu.

Nyasi zilizopo ni ukoka, ule wa majani membamba unaotambaa na kutia mizizi kila kifundo. Hii ni bahati kubwa. Ukoka unavumilia jua, kukanyagwa na hata chumvi ya kiasi, na mashina yake ya chini ya ardhi yanaweza kubaki hai wakati juu hapaonekani hata jani. Nimechimbua mahali pawili palipokuwa na upara nikayakuta: meupe, magumu, na nikiyakata yana unyevu ndani. Kwa hiyo uwanja haujafa, na hatuhitaji kununua nyasi za kufunika eneo lote. Nimemwambia hivyo mwalimu mkuu, maana alishaanza kuulizia bei.

Kisha nikapima udongo kwa bisibisi ndefu. Mwagia maji, subiri hadi kesho yake, halafu sukuma bisibisi kwa mkono bila kuigonga. Pembeni ya uzio ilizama sentimita 12 bila taabu. Kwenye njia ya kutoka langoni haikufika 2. Katikati ya uwanja ilikwama kwenye 4. Ramani ya bisibisi na ramani ya upara ni kitu kimoja: palipo pagumu ndipo nyasi zilipokimbia. Mizizi inahitaji hewa, na udongo ulioshindiliwa hauna nafasi ya hewa wala ya maji kupenya.

Nikamuuliza mlinzi, mzee aliyekuwapo tangu shule inafunguliwa.

"Shikamoo mzee. Hapa palikuwaje zamani?"

"Marahaba mwanangu. Palikuwa kijani mpaka walipojenga yale madarasa mawili ya nyuma. Malori yalipita hapa hapa, na kifusi kikamwagwa, kikasawazishwa, basi."

Juu ya kifusi hicho ndipo ukoka umekuwa ukijaribu kuishi. Na unapambana na mambo mengine mawili, ambayo mtu yeyote aliyesoma shule zetu anayajua: fagio la chelewa na fyekeo. Kila asubuhi watoto wanafagia uwanja mpaka michirizi ya fagio ionekane, wanaondoa majani yaliyodondoka pamoja na udongo laini wa juu, na mashina ya ukoka yanabaki yameanikwa juani. Mwisho wa mwezi linakuja fyekeo linalokwangua hadi udongoni, kwa kuwa nyasi fupi ndiyo inayohesabiwa usafi. Ninaelewa chanzo cha desturi hiyo. Nyoka ni hatari ya kweli, na uwanja mweupe unamwonyesha nyoka mapema. Lakini nyasi za urefu wa vidole viwili hazimfichi nyoka, na tofauti ya vidole viwili na sifuri ndiyo tofauti ya uwanja na jangwa.

Februari, maji na udongo

Maji ya shule ni ya kisima kirefu, na ukiyaonja utajua. Nimeazima kipimo cha chumvi, kimesoma 2.4 desisimens kwa mita, kizio kinachoonyesha wingi wa chumvi. Kwa miongozo ya umwagiliaji ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kati ya 0.7 na 3 ni maji ya kutumia kwa uangalifu, na zaidi ya 3 ni tatizo zito. Ukoka ni miongoni mwa nyasi zinazovumilia: unaanza kudhoofika chumvi ya udongo inapopita karibu 6.9 kwa kipimo hicho hicho. Basi maji yetu hayauui. Kinachoudhuru ni kumwagiwa kidogo kidogo kila jioni. Maji yanalowesha sentimita mbili za juu, jua la kesho linayanyonya, chumvi inabaki pale pale. Kona iliyo karibu na bomba ina ukoko mweupe unaoonekana kwa macho, na ncha za majani zimeungua.

Nimechukua sampuli ya udongo: vishimo vya sentimita 10 sehemu mbalimbali za uwanja, vyote nikavichanganya kwenye ndoo ya plastiki iliyooshwa, nikatoa nusu kilo. Maabara za TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) Mlingano kule Muheza na za SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro zinafanya kazi hii. Majibu yanasema pH (kipimo cha tindikali; ikizidi 7 udongo hauna tindikali) ni 8.1, naitrojeni ni kidogo, mboji karibu hakuna. Hiyo pH inatokana na mawe ya matumbawe yaliyo chini ya sehemu kubwa ya ardhi hii ya ufukweni. Naiandika kwa herufi nzito akilini, kwa sababu mtu wa kwanza kukushauri kuhusu nyasi za njano atakuambia mwaga chokaa. Chokaa ni dawa ya udongo wenye tindikali. Hapa ingekuwa kumwongezea chumvi mtu mwenye kiu.

Tena unjano wenyewe una aina zake. Majani ya chini, yaliyozeeka, yakianza kuwa ya njano yote, nyasi zina njaa ya naitrojeni. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, ni chuma kinachokosekana, na kwenye udongo wa pH ya juu mara nyingi chuma kimo ila mizizi haikipati. Uwanja wetu una ule wa kwanza kwa wingi na ule wa pili kwenye ukanda ulio karibu na ukuta mpya, ambako saruji iliyomwagika wakati wa ujenzi imezidisha hali.

Februari, uamuzi

Hatutapanda nyasi kila mahali. Huu ndio uamuzi mkubwa wa mradi na nimeupigania kikaoni. Chini ya mwembe, kama mita za mraba 60, jua halifikii muda wa saa nne kwa siku. Ukoka unataka sita au zaidi. Pale tutaacha majani ya mwembe yalale na kuwa kitanda, tuweke na mabenchi. Njia ya langoni, kama mita za mraba 40, miguu mia kadhaa inapita kila siku kwenye mstari mmoja. Hakuna nyasi duniani itakayoshinda, kwa hiyo tutaweka vipande vya matofali vyenye nafasi kati yake. Zinabaki mita za mraba 300 hivi za ukoka wa kweli, na hizo tutazihudumia ipasavyo.

Mzazi mmoja mwenye asili ya Lushoto alijitolea kuleta mbegu za nyasi za kwao, zile nene laini. Ni nyasi za Kikuyu, zilizopewa jina la Wakikuyu wa nyanda za juu za Kenya, na kwao ni milimani kwenye baridi na ukungu: Limuru, Lushoto, Mbeya. Kule hazina mfano. Huku chini kwenye joto la bahari na maji ya chumvi zingeteseka bure. Nimemshukuru sana, nikamwomba atuletee samadi badala yake, na amekubali.

Machi, kabla ya mawingu

Fagio limehamia barazani na njiani tu. Kwenye ukoka watoto wanaokota karatasi na mifuko kwa mkono. Walimu wawili wa zamu walipata shida kulikubali hili, wakisema wakaguzi wataona uwanja haujafagiwa. Mwalimu mkuu amelimaliza kwa kuweka tangazo ubaoni: eneo la nyasi halifagiwi, linatunzwa.

Tumetoboa udongo. Uma wa bustani wenye meno manne, unasukumwa kwa mguu hadi sentimita 10, unatikiswa kidogo nyuma na mbele bila kuubinua udongo, unachomolewa, unasogezwa kiganja kimoja. Kazi ni nzito kwenye kifusi. Tulilazimika kulowesha kila kipande jioni ya siku iliyotangulia. Wazazi walikuja Jumamosi na uma zao, na waliokosa uma walitumia nondo zilizochongwa.

Baada ya hapo tukatandaza mchanganyiko wa mchanga na mboji ya samadi iliyoiva, nusu kwa nusu, unene wa nusu sentimita. Kwa mita 300 hiyo ni mita moja na nusu ya ujazo, nusu ya lori dogo. Mchanga ni wa shimoni, umechekechwa. Wa baharini hapana: una chumvi, na kuuchota ufukweni ni kuharibu pwani yetu wenyewe. Mchanganyiko ukisukumwa kwa upande wa nyuma wa reki unaingia kwenye matobo, na ncha za nyasi lazima zibaki zinaonekana. Ukizifunika kabisa, umezizika.

Samadi ikaguliwe kabla ya kupokelewa. Iliyoiva haina harufu kali, haichomi mkono ukiichimba katikati, na huoni nyasi nzima ndani yake. Mzigo wa kwanza aliotuletea dereva mmoja ulikuwa bado unafuka mvuke. Tumeurundika nyuma ya vyoo, tumeufunika kwa maturubai, utatumika vuli.

Aprili, masika imekaa

Mvua imekuja kwa nguvu na ukoka umeamka. Mashina yanatambaa juu ya mchanga na kutia mizizi kila kifundo. Mahali palipokuwa na upara mpana tumepanda vipandikizi: vipande vya sentimita 10 vyenye vifundo vitatu, vilivyotolewa pembeni mwa uzio ambako ukoka ni mnene, vinalazwa kwenye mifereji iliyoachana sentimita 15, vifundo viwili chini na ncha juu, kisha udongo unakanyagwa kwa kisigino. Hivyo tu. Ukoka haudai zaidi ya unyevu kwa wiki mbili za mwanzo, na wiki hizi mbingu zinautoa.

Lakini mvua haichagui. Ndago imeamka pamoja nao.

Nitakaa hapa kidogo, maana ndago imewakatisha tamaa watu wengi wenye bustani nzuri. Ina majani ya kijani kinachong'aa, inakua haraka kuliko nyasi, siku tatu baada ya kukata inakuwa imeshachomoza juu ya wenzake. Njia ya kuitambua hata mtoto wa darasa la pili anaiweza: biringisha shina kati ya vidole. La nyasi ni duara, la ndago lina pembe tatu. Chini yake kuna viazi vidogo vyeusi vyenye harufu, vimeungana kwa nyuzi, kimoja hadi kingine. Ukivuta juu, unabaki na jani mkononi. Ukilima kwa jembe, unakata nyuzi, na kila kiazi kilichokuwa kimelala kikisubiri amri ya mwenzake sasa kinaota peke yake. Ndiyo maana bustani zinazolimwa sana kwa jembe zina ndago nyingi kuliko zisizolimwa.

Dawa za kuulia ndago bila kudhuru nyasi zipo. Hizi za kuua kila kitu cha kijani, ambazo kila duka la pembejeo linazo, zitaua ukoka pia, na kesho yake ndago itarudi peke yake kwenye uwanja mtupu. Sisi hatutumii ya kwanza wala ya pili. Watoto wanakaa kwenye nyasi hizi, wanalala chali wakati wa mapumziko, wanatia vidole mdomoni. Tumeamua kuifungisha. Kila Ijumaa kundi moja la wanafunzi linazunguka na visu vidogo vya bustani, linakata ndago chini kidogo ya uso wa ardhi. Jani likikatwa kabla halijapata muda wa kukirudishia kiazi chakula, kiazi kinatumia akiba yake kuotesha lingine, na lingine, hadi akiba iishe. Inahitaji kutokosa, miezi na miezi. Rafiki yetu katika vita hii ni kivuli: ndago haipendi kufunikwa, na ukoka ulioachwa mnene wa sentimita nne unaifunika.

Magugu mengine yanatuhusu kwa sababu ya miguu ya watoto. Mbigili, mwenye matunda ya miiba yanayoingia hata kwenye kandambili, ana mzizi mmoja wa kwenda chini. Anang'olewa kirahisi, ila lazima kabla hajakomaza matunda, na yaliyokwisha kudondoka yaokotwe moja moja. Kifauongo watoto wanakipenda kwa kuwa kinajikunja kikiguswa. Tumewaachia kimoja kwenye ndoo kule barazani, vingine vyote vimechimbuliwa na mizizi yake.

Mwisho wa Aprili, yangeyange

Mzee mlinzi amenipigia simu asubuhi: yangeyange wametua uwanjani, wengi, na wanadonoa. Nimekwenda mbio. Ndege hawa wakijaa ghafla kwenye nyasi wamekuja kula, na chakula chenyewe mara nyingi ni viwavi.

Kipimo cha haraka ni sabuni. Vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya lita 8, mwaga taratibu kwenye mita moja ya mraba, subiri dakika kumi. Walipanda juu wakijinyonganyonga, weusi wenye mistari ya kijani ubavuni: viwavijeshi. Hawa wa Afrika wanakula nyasi na jamaa zake tu, mahindi, mpunga, mtama na malisho. Nondo wao husafiri usiku kwa upepo na kutaga mahali mvua zilipoanza. Tofauti na wale viwavijeshi vamizi waliotoka Amerika na kuonekana Tanzania mwaka 2017, ambao mahindi ndiyo windo lao kubwa.

Ukoka wenye mizizi mizuri ukiliwa majani unachipua tena. Vipandikizi vyetu vya wiki tatu ndivyo vilivyonitia hofu. Tumetumia mwarobaini: mbegu zilizokaushwa na kutwangwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zinalala usiku kucha, zinachujwa kwa kitambaa, kijiko cha sabuni, na kunyunyiziwa jioni maana jua linaivunja nguvu. Haiui papo hapo. Inawakatisha hamu ya kula na kuwazuia wasijivue gamba, kwa hiyo inafaa wakiwa wadogo. Wakubwa wenye urefu wa sentimita tatu haiwasumbui sana. Wa kwetu walikuwa wa kati. Yangeyange wamefanya sehemu kubwa ya kazi, na nimewaomba walimu wasiruhusu mtu kuwafukuza.

Kwa yule atakayelazimika kununua dawa ya dukani: soma lebo, hakikisha imesajiliwa na TPHPA, mamlaka inayosimamia viuatilifu nchini, na heshimu muda uliotajwa kabla watu hawajaruhusiwa kurudi eneo lile. Kwenye shule muda huo uongeze.

Mei

Mabaka madogo ya rangi ya majani makavu, ukubwa wa sahani ya chai, yametokea upande wa baraza. Asubuhi na mapema kabla umande haujakauka kuna utando mweupe mwembamba juu yake. Ni kuvu, ya aina inayopenda nyasi zenye njaa na unyevu unaokaa muda mrefu. Dawa ya kuvu sijaitaja hata kwa kamati. Mambo mawili tumeyafanya. Kila asubuhi mlinzi na kijana mmoja wanaburuta kamba ndefu juu ya nyasi ili umande udondoke na majani yakauke mapema. Na tumetoa mbolea.

Nimechagua SA (salfeti ya amonia), kwa kuwa pamoja na naitrojeni inashusha pH kidogo kidogo, kitu ambacho CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, haifanyi. Kipimo ninachofuata kwa nyasi ni nusu kilo ya naitrojeni halisi kwa mita za mraba 100. SA ina asilimia 21, kwa hiyo ni kilo 2.4 kwa mita 100, na kilo 7 na kidogo kwa uwanja mzima. Ukitumia urea yenye asilimia 46, ni kilo moja na gramu 90 tu kwa mita 100, na hapa ndipo watu wanapounguza: wanamwaga urea kwa kipimo cha mbolea nyingine. Nimegawa mafungu mawili, moja nikitembea kutoka langoni kwenda barazani, la pili nikikatiza, ili pasiwe na michirizi. Nyasi zilikuwa kavu, na mvua ikaja jioni kama tulivyotarajia. Isingekuja, tungemwagilia usiku ule ule.

Mabaka yamejifunga ndani ya wiki chache.

Juni, kukata

Shule imepata mashine ya kusukuma kwa mkono, ile yenye visu vinavyozunguka, kutoka kwa mzazi aliyekuwa ameiweka stoo. Haili mafuta, haina kelele, na inakata kwa usafi kuliko fyekeo. Tumeipandisha hadi sentimita 4. Kanuni ni moja: usikate zaidi ya theluthi ya jani kwa mara moja. Ukitaka 4, kata zikifika 6. Zikikukimbia wakati wa mvua hadi zikafika 10, shusha kwa awamu, leo 7, baada ya siku kadhaa 5.

Sababu yake iko chini ya ardhi. Mizizi inalishwa na majani. Ukikwangua majani, nyasi zinaacha kukuza mizizi na kutumia akiba yote kutafuta majani mapya. Ukiendelea kukwangua kila mwezi mizizi inabaki mifupi, na mizizi mifupi kwenye kiangazi ni kifo.

Visu vinanolewa kwa tupa. Kisu butu hakikati, kinararua, na siku ya pili ncha zinageuka nyeupe halafu kahawia. Mtu akiona kwa mbali anadhani ugonjwa. Majani yaliyokatwa tunayaacha pale pale yakiwa mafupi. Yanaoza haraka na kurudisha naitrojeni bure.

Julai hadi Septemba, kipupwe na ukame

Mvua zimeisha, pepo za kusi zinakausha. Sasa hesabu ya maji. Nyasi zinazokua zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kwa mita 300 ni lita 7,500 kila wiki. Shule haina maji hayo, na hata ingekuwa nayo, watoto wanahitaji kunawa na kunywa kwanza.

Ukoka unajua kulala. Tumeamua kuupa milimita 12 hadi 15 kwa wiki, zote kwa mara moja, alfajiri, kuanzia saa kumi na moja. Darasa la nne wamepanga makopo ya nyanya uwanjani na kupima kwa rula wakati mpira wa maji unanyunyiza. Wamegundua upande wa ukuta unapata nusu ya upande wa bomba, tukausogeza mpira. Hesabu hizo wameziandika kwenye madaftari yao ya sayansi na wanazitunza vizuri kuliko mimi.

Rangi imefifia, hilo lilitarajiwa, na nimewaeleza wazazi mapema ili asitokee wa kutia urea kwa huruma. Nyasi zilizolala hazilishwi.

Kona ya bomba, yenye chumvi, imekataa. Kuisafisha kunahitaji maji mengi mazuri yapite chini kabisa, na hayo ni ya mvua. Paa la madarasa ya mbele lina mita za mraba 200. Mvua ya milimita 10 tu inashusha lita 2,000. Kamati imeweka mifereji ya bati na simtanki kabla ya vuli. Nimefurahi kuliko ningepewa gunia la mbolea.

Mchwa walijitokeza Agosti, wakijenga ngozi ya udongo juu ya mabua makavu. Walikuwa wanakula kilichokufa. Tulizoa mabua, tukamwagilia eneo lile, wakahama.

Novemba

Vuli imeanza. Tumetoboa tena kwa uma, safari hii sehemu nzima ya katikati ilipokea sentimita 8 bila kuloweshwa kwanza. Samadi ya nyuma ya vyoo imeiva na kutandazwa. SA kipimo kile kile.

Ndago imepungua sana katikati na inabaki imara pembezoni mwa ukuta, ambako visu vya Ijumaa vilikuwa havifiki kwa sababu ya rundo la matofali. Matofali yamehamishwa.

Kona ya bomba tumeifurika kwa maji ya paa baada ya kila mvua kubwa. Ukoko mweupe umeondoka. Kama ukoka utaendelea kukataa pale, nitaleta paspalamu, nyasi za ufukweni zinazoishi hata mahali maji ya bahari yanapogusa, na zitawekwa kwenye kona hiyo tu.

Januari

Kaskazi inavuma, jua kali, na kwa mara ya kwanza madarasa ya awali yanafundisha madirisha yakiwa wazi. Ukoka umefunika sehemu kubwa ya zile mita 300. Upara uliobaki ni mbele ya goli moja la kujitengenezea na ukanda wa ukuta mpya. Goli tutalihamisha kila muhula, upande huu kisha ule, ili kila upande upumzike. Ukanda wa ukuta bado una unjano wa majani machanga. Nitajaribu chuma cha kunyunyizia kwenye majani, wakati wa jioni, mbali na ukuta maana kinaacha madoa ya kutu.

Kamati imekutana na suala la zege halikuwa kwenye ajenda. Kazi za kabla ya masika ijayo: kunoa visu vya mashine, kununua tupa mpya, kuchukua sampuli nyingine ya udongo mahali pale pale tulipochukua mwaka jana, kupima chumvi kona ya bomba, na kumpata mtu wa kushika zamu ya Ijumaa, maana darasa la saba lililokuwa likiongoza visu vya ndago limemaliza shule.